Dresa Aliyepima Mioyo Bila Saa

Baba yangu alipoezeka nyumba yake kwa bati, pale Nyanga, mimi nilikuwa mtoto ambaye hajang'oa jino hata moja. Nyumba zote za jirani zilikuwa za nyasi, na watu walitoka Nshambya na Kahororo kuja kuitazama ya kwetu. Wanazunguka nyuma, wanagonga bati kwa kijiti, wanashangaa, "waitu, waitu," wanaenda zao. Baba alivimba kwa fahari kama chura. Kisha mvua ikanyesha. Mvua ya Bukoba mnaijua, ile inayotoka ziwani bila kupiga hodi. Kelele zilizidi mpaka baba akatoka nje, akasimama katikati ya migomba amelowa chapachapa, anasema humo ndani hata kusali haiwezekani. Mama akamwita kutoka mlangoni: "Si ulilitaka mwenyewe? Njoo ulisikilize basi!"

Fundi aliyetuezekea alikuwa mtu wa kudondosha misumari. Mmoja ukanichoma mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba. Mama akauvuta, akapaka majivu, pakafunga. Nikausahau. Nikaenda shule mpaka darasa la tatu, nikaichoka nayo ikanichoka. Nikakua. Uhuru ukaja, tukacheza ngoma siku mbili. Kibanja cha baba kilikwenda kwa kaka yangu mkubwa, kama ilivyo desturi, na mimi mjomba akanipa kipande huko Muleba. Nikaoa. Halafu tukaambiwa tukae pamoja, tukahamia rweya, yaani lile pori la nyasi tupu ambalo wazee wetu walilichungia ng'ombe tu, tukaanzisha kijiji cha ujamaa. Tulilima bega kwa bega, miguu peku. Mwaka wa kwanza hata haujaisha, mguu wangu wa kushoto ukavimba kama kiazi kikuu.

Ndivyo nilivyomfikia Dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu. Nimezunguka, lakini nimefika.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka ukingo wake ungekata mkate. Akaushika mguu wangu, akaubonyeza.

"Nani kakuchoma hapa?"

"Bati la baba."

Hakucheka. "Lini?"

"Kabla ya Uhuru."

"Basi msumari huu ni wa mkoloni," akasema. "Utoke."

Akapasua, nikalia kama mbuzi, ikatoka ncha ya chuma yenye kutu, ndogo kama punje ya mchele. Akaisafisha kwa spiriti, akaifunga katika karatasi, akanipa. "Kampe baba yako. Ni mali yake."

Jina lake alikuwa nalo, na mimi nililijua, lakini hakuna aliyelitumia, kwa hiyo na mimi silitumii. Wengi walimwita Daktari, naye alikataa kila mara, hata akiwa katikati ya kushona kidonda. "Dresa. Daktari yuko Bukoba, ana viatu viwili vya kubadilisha." Mtu angeweza kuwa anakata roho, bado angemsahihisha kwanza.

Saa alikuwa nayo, ya mkanda wa ngozi, lakini ilikuwa imekufa zamani, imesimama saa nne na robo. Aliivaa kila siku. Nilimuuliza sababu, akasema mgonjwa akiona dresa hana saa, ugonjwa unazidi. Basi alipimaje mapigo ya moyo? Alikuwa na namna yake, na sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Mkono mmoja alishika kifundo cha mkono wako, mkono wa pili alijishika shingoni mwenyewe. Alifumba macho, akahesabu vyote viwili kwa pamoja, midomo inacheza. "Moyo wangu ninaujua mwendo wake," alisema. "Haujaongeza wala kupunguza tangu nirudi vitani. Wangu ukipiga mara kumi na wako kumi na tano, una homa. Wako ukipiga nane, umekunywa pombe ya rubisi umelala." Na hakukosea. Wanawake wajawazito aliwawekea sikio tumboni, akajishika shingo, akawaambia mtoto anaendeleaje.

Sasa, msidhani alikuwa mtakatifu. Alituhubiria kuchemsha maji mpaka tukachoka, halafu mimi kwa macho yangu nimemkuta kwenye chemchemi amepiga magoti, anakunywa kwa kiganja. Nikamwambia, "Dresa, yamechemshwa hayo?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Haya yanachemkia tumboni." Alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya na hakugusa pombe, lakini sauti yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba mchungaji alimwomba awe mwenye kufungua vitabu tu. Watu walipenda sindano, na yeye alizichukia. Mtu akija na kichwa kinauma, anataka sindano, Dresa anampa dawa ya zambarau apake kisogoni, anaondoka na kisogo cha zambarau, amepona.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mwili hausemi uongo. Mwenye mwili ndiye mwongo." Aliniambia mimi kwanza, au niseme aliniambia mimi zaidi. Na hapa sina budi kusema wazi.

Nilikuwa ninavuta bangi.

Nilipanda mashina matatu kule rweya, nyuma ya shamba la bega kwa bega, ndani ya nyasi ndefu mahali ambapo hata mbuzi hafiki. Mbegu alinipa dereva mmoja wa lori. Sikuona kosa kubwa. Kulima mstari mmoja na watu arobaini, jua utosini, mwenyekiti anapiga filimbi, huo ni mzigo. Nikivuta kidogo kabla, jembe linakuwa jepesi. Lakini mimi nawaambia ukweli wote, si nusu. Siku nyingine linakuwa jepesi, siku nyingine tuta moja linakuwa refu kama barabara ya Biharamulo. Unalima, unalima, ukitazama nyuma umelima hatua nne. Mikono unaiona iko mbali, kama ya mtu mwingine aliyekuazima. Mdomo unakauka. Moyo unapiga mbio na wewe umesimama. Halafu njaa. Nilikula ndizi alizobakiziwa mtoto, nikakwangua na chungu, na jioni nikabisha kwamba ni paka.

Mke wangu, Kokugonza, akadhani nina minyoo. Akanipeleka zahanati kwa kunivuta shati. Dresa akanivuta ukope wa chini, akatazama. Akanishika mkono, akajishika shingo.

"Ni minyoo?" Kokugonza akauliza.

"Minyoo haifanyi macho mekundu, mama," akasema. Kisha akaniambia mimi lile neno lake la mwili na mwenye mwili, akaongeza: "Maji ongeza. Rweya punguza." Basi. Hakunitangaza. Wala mimi sikupunguza.

Pale kijijini alikuwepo bibi mmoja mjane. Alitoka mbali, upande wa Karagwe, hakuwa na mtoto wala ukoo hapo kwetu. Tulimwita mae tu, mama. Kazi yake ilikuwa moja, na hakuna aliyemfikia: kupika kahawa ya kutafuna. Kwetu sisi Wahaya mgeni akiingia, baada ya salamu anapewa kikapu kidogo chenye kahawa kavu, anachukua punje anatafuna. Usipompa, hukumpokea. Mae alizichemsha punje na majani yenye harufu nzuri mpaka zikashika harufu, akaanika juani. Siri yake aliijua kila mtu: kijiko cha samli ndani ya chungu, ili punje zing'ae. Dresa alikuwa mteja wake mkuu. Mfuko wake wa kulia wa kaptura ulikuwa wa kahawa ya mae, wa kushoto wa bandeji, na mara nyingine alikosea mfuko.

Mae alikuwa anapoteza macho. Ukungu mweupe ulishaingia jicho moja na sehemu ya jicho la pili. Hakusema. Majani alianza kuyatambua kwa kunusa, na akawa anawaomba wanawake wamletee. Siku moja akamwomba Kokugonza: "Mwana wange, kesho kutwa wageni wa chama wanakuja kutoka Bukoba. Niletee majani yenye harufu kali. Haya ya karibu yamekufa kwa jua."

Kokugonza akaenda rweya. Akatafuta kwa pua. Akaingia kwenye zile nyasi ndefu ambamo hata mbuzi hafiki, akakuta mashina matatu yananukia kuliko kitu chochote alichowahi kukinusa. Hakuyajua. Nani angemfundisha? Akakata fungu zuri, akampelekea bibi wa watu. Jioni akaniambia mwenyewe, kwa furaha: "Leo nimempatia mae majani, usiulize!" Sikuuliza. Nilikuwa nimevuta.

Wageni wakaja watatu, na Bwana Shamba wao. Wakatembezwa shambani, wakakaa kwenye viti vya shule, kikapu cha mae kikazunguka. Na kwa sababu zilikuwa nzuri, zinang'aa, hakuna aliyechukua punje mbili tu. Walichukua kwa kiganja. Mwenyekiti wetu alichukua mara tatu. Hotuba zikaanza, zikawa ndefu. Mgeni mkubwa akasimama wa mwisho.

"Ndugu zangu," akasema, "jembe." Akanyamaza. Akaitazama mikono yake. "Jembe," akasema tena, polepole, kama mtu aliyekutana na neno hilo mara ya kwanza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na karatasi ya hotuba ikaanguka. Mwenyekiti akakumbatia mguu wa meza akipiga kelele: "Nishikeni! Nchi inakwenda!" Mama mmoja wa kamati analia kwamba moyo wake umetoka, anausikia unapiga kule kwenye nyasi. Bwana Shamba alikula sahani ya kwanza ya chakula, ya pili, akafuata na ya mwenyekiti.

Mimi nilijua pale pale. Nilitazama kikapu, kisha nikamtazama mke wangu.

Hakuna aliyekufa. Wawili walitapika, wote walilala kama magogo, na asubuhi wageni wakaingia kwenye gari lao bila kuaga. Lakini mwenyekiti alikuwa amefedheheka mbele ya wakubwa, na neno lilishapita nyumba kwa nyumba: kizee ametulisha uchawi. Mkutano ukaitwa saa tatu. Kabla jua halijapanda sana uamuzi ulishatoka. Mae aondoke siku hiyo hiyo, nyumba yake ibomolewe. Mgambo wawili wakasimama, mmoja kila upande wake. Alikuwa ameketi chini juu ya mzigo wake, mkeka uliofungwa kamba, chungu mapajani.

"Chungu niachieni," alisema. "Hata kama ni kibaya, ni changu."

Kokugonza akataka kusimama, aseme majani aliyaleta yeye. Nilimshika kanga, nikaivuta, akaketi. Mnielewe vizuri: nilimvuta. Nilijiambia ninamkinga yeye. Nilikuwa najikinga mimi. Bangi ilikuwa kifungo, na mae alikuwa mtu wa Karagwe.

Ndipo Dresa akatokea. Juzi yake alikuwa amekwenda mjini kuchukua dawa, hakuona lolote. Anasukuma baiskeli, boksi nyuma. Akaegesha, akasikiliza. Hakuuliza habari za uchawi. Alimwendea mwenyekiti, akamvuta ukope kama anavyomvuta mtoto, mbele ya watu wote. Akamwendea yule mama wa kamati. "Jana jioni mlikuwa na njaa?" Watu wakaanza kucheka, kwa sababu habari za zile sahani zilishaenea.

"Nipeni kikapu."

Akanusa. Nilimwona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu aliyegombana naye zamani.

"Hii ni bangi," akasema. "Imechemshwa pamoja na kahawa. Mae haoni. Mae, hapa ninakuonyesha nini?" Akamwonyesha vidole vitatu. Mae akageuza uso huku na huku, akajibu kwa sauti ndogo, "Si ni bandeji, mwana wange?"

Lakini mwenyekiti hakutaka kushindwa. "Bangi tunaijua, inavutwa! Nani kasikia bangi ya kutafuna? Na wewe Mlutheri unaijuaje?"

"Niliivuta vitani," Dresa akasema. "Miaka miwili, nikiwa mbeba machela. Naijua kuliko ninavyojua wimbo wa kwaya."

Hapo hakuna aliyecheka. Alikuwa mtumishi wa serikali, na alikuwa amejivua nguo mbele ya kijiji kizima.

"Maneno tu," mwenyekiti akasema.

"Basi acheni maneno." Dresa akaketi kwenye benchi, kikapu mapajani. "Nitatafuna kiasi chako, viganja vitatu. Nitawaambia sasa mwili wangu utafanya nini, kwa mpangilio, nanyi mtatazama. Ikiwa ni uchawi, hautafuata maneno yangu. Ikivutwa, inapanda kichwani kabla hujatema mate. Ikiliwa, inapitia tumboni, inachelewa. Kwanza hamtaona kitu. Kisha mdomo utakauka. Kisha moyo utakimbia. Macho yatakuwa mekundu. Nitacheka au nitaogopa, hapo siwezi kuahidi. Nitaona muda umerefuka. Kisha njaa. Kisha nitalala. Na kesho asubuhi nitafungua zahanati."

"Na isipokuwa hivyo?"

Akamtazama mae. "Isipokuwa hivyo, anaondoka, na mimi nambebea mzigo."

Akatafuna. Viganja vitatu, polepole, kama mbuzi mwenye adabu.

Sasa tatizo likawa muda. Saa yake imekufa, nyingine hakuna. Wanawake wakasema, tuinjike ndizi. Chungu cha kwanza kikiiva, tunainjika cha pili. Wakamenya pale pale, moto ukawashwa katikati ya mkutano. Chungu cha kwanza kikaiva. Dresa ameketi, kaptura imenyooka, anatuuliza habari za watoto. Hakuna kitu. Cha pili kikainjikwa. Kikaanza kutokota. Hakuna kitu. Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akasema, "Dresa, jua limesogea," na mgambo mmoja akauinua mzigo wa mae, akauweka begani.

Mimi nilikuwa naomba Mungu. Nilikuwa naiombea bangi yangu iwe kali! Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuomba hivyo.

Mae ndiye aliyegundua kwanza. Aliinua kichwa. "Nyamazeni," akasema. "Sikieni ulimi wake. Unanata."

Kweli. Dresa alipofungua mdomo kusema, ulimi ulitoa mlio, tap, tap. "Maji," akasema, na akatabasamu. "La kwanza."

Tukasogea. Baada ya kitambo akajishika shingo, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Moyo umeanza. Lakini leo moyo wangu ni mgonjwa, hauwezi kuwa saa. Nipate saa nyingine." Akazungusha macho, tayari yalikuwa yanaingia wekundu, yakatua kwangu. "Wewe wa msumari. Njoo."

Nikaenda. Akaniwekea mkono mmoja shingoni mwangu, mwingine kwenye kifundo chake. "Hesabu kwa sauti. Wako kumi, wangu ngapi?"

Sikuweza. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mvua juu ya bati la baba. Nilianza moja, mbili, nikapotea, nikaanza tena. Kila nikihesabu, mimi ndiye ninayetangulia. Dresa akanitazama kwa yale macho mekundu. Akavishika vidole vyangu, akavibana kidogo.

"Saa hii," akasema kwa sauti kubwa, "inakimbia kuliko mgonjwa!"

Kijiji kikalipuka kwa kicheko, naye akacheka, na kicheko hicho kikamshika hakikumwachia, akashika mbavu, anafuta machozi. "La nne!" akapaza sauti. "Nimecheka, andikeni!" Hakuna aliyejua alichokisoma kwenye hesabu yangu, ila yeye na mimi, na mke wangu aliyekuwa ananitazama bila kupepesa.

"Wewe huna faida," akaniambia. "Mwenyekiti! Njoo uwe saa."

Mwenyekiti akaja na uso wa hakimu. Akashika kifundo, akajishika shingo. Akahesabu. Nikaona nyusi zinapanda. Akahesabu tena. Kisha akauachia mkono kama ameungua, akageukia watu.

"Ndivyo!" akasema. "Ndivyo ulivyopiga wangu jana! Hivi hivi!" Akainama, akamtazama Dresa usoni. "Na nchi, Dresa? Nchi inakwenda?"

"Inakwenda polepole," Dresa akajibu. "Usiogope. Inarudi."

Basi hapo mambo yalikwisha. Vigelegele vilipanda mpaka kunguru wakaondoka. Mgambo akaushusha mzigo bila kuambiwa. Na Dresa akanusa hewa, akageuza shingo kuelekea motoni, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Zile saa zenu zimeiva?"

Alikula saa ya kwanza. Alikula nusu ya saa ya pili. Mtu akakimbia kuleta samaki, mwingine maharage, mwingine senene waliokaangwa ambao alikuwa amewaficha kwa ajili ya mkwe. Kila anapomaliza sahani wanawake wanapiga vigelegele, "Kula, Daktari!" naye anainua kidole, mdomo umejaa, "Dresa!" Bwana mmoja akamwimbia. Mwenyekiti mwenyewe alimmenyea parachichi.

Usingizi ulipomshika, mae akapapasa mzigo wake, akafungua kamba kwa meno, akautoa mkeka, akautandika chini. Wakamlaza juu yake. Mzigo haukufungwa tena.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa nje ya zahanati, hata wazima. Mlango ukafunguliwa. Kaptura ya kaki imenyooka, saa iko saa nne na robo. "Nani wa kwanza?" akasema. Watu walishangilia kama siku ya Uhuru, na mimi nilishangilia, na nililia.

Barua ya kumshtaki Dresa kwa wakubwa haikuandikwa. Mwenyekiti angeandikaje ya Dresa bila kuandika ya mguu wa meza? Alipouliza nani kaipanda, Dresa alisema ndege wanapenda mbegu zile, huzidondosha popote. Nani atajitolea kwenda kung'oa? Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Niling'oa na mizizi, nikachoma, nikasimama upande usio na moshi. Sikuvuta tena. Siku tatu za kwanza sikulala, nilitoka jasho, nikamkaripia kila mtu. Dresa alipita jioni zote tatu, kama anapita njia, akanishika mkono, akajishika shingo, akaenda zake.

Kokugonza hakusema nami mpaka mavuno. Siku aliposema, alisema: "Siku nyingine usinivute kanga." Sikumvuta tena.

Mara moja tu nilimuuliza Dresa kwa nini aliiacha. Alikuwa anachemsha sindano. Alisema kule vitani iliondoa uoga, ikafanya kazi nzuri. Kisha asubuhi moja aliamka, akalitafuta jina la mama yake kichwani, akalikosa. Akakaa kutwa nzima analitafuta. "Nilipolipata," akasema, "nikasema, basi, imechukua vya kutosha."

Mae aliishi kwetu miaka mingine mingi, akapika kahawa, na majani alikatiwa na Kokugonza peke yake. Kikapu cha kwanza baada ya mambo yale, watu walikitazama tu. Dresa akaingiza kiganja chote, akatafuna, akatazama juu. "Kahawa," akatangaza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mchana, naanika kahawa yangu uani. Nikamwona anakuja na sanduku dogo la bati, kofia kichwani. Zahanati ilishapata mganga kijana mwenye saa inayokwenda. Hakuketi. Akaweka sanduku chini, akanishika kifundo cha mkono, akajishika shingo, akafumba macho.

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba neno la kuungama. Nikasema, "Dresa, ile bangi ya rweya, wewe unajua ni mimi..."

"Nyamaza," akasema. "Utanipotezea hesabu."

Nikanyamaza. Midomo yake ikacheza. Kuku walikuja wakadonoa kahawa, hakuna aliyewafukuza. Alihesabu muda mrefu kuliko siku zote.

"Sawasawa," akasema. "Wako kumi, wangu kumi."

Akaniachia mkono. Akachota kiganja cha kahawa, akatia mfuko wa kulia, akachukua sanduku lake, akapita kati ya migomba mpaka barabarani. Nilisimama nikingoja ageuke. Hakugeuka, na hakurudi tena.